Moerbeke na mali bila daftari

Usiku wa kuamkia 1 Januari 2025, manispaa 28 za Flanders, eneo la kaskazini mwa Ubelgiji linalozungumza Kiholanzi, ziliungana zikawa 13, na idadi ya manispaa zote za eneo hilo ikashuka kutoka 300 hadi 285. Moerbeke ilikuwa miongoni mwazo. Ni kijiji cha watu zaidi ya 6,000 katika jimbo la Flanders Mashariki, na tangu siku hiyo kimekuwa sehemu ya mji jirani wa Lokeren, wenye watu zaidi ya 40,000. Jina la Moerbeke halikubaki hata katika jina la manispaa mpya. Habari kama hii hupokelewa kwa namna mbili. Wapo wanaoiomboleza: kijiji kimekufa, na urithi wake utazikwa nacho. Wapo wanaoiona kuwa ni hesabu za ofisini tu: kanisa lipo, kasri lipo, sikukuu ya kijiji itafanyika, kilichobadilika ni nembo kwenye barua ya kodi. Naona pande zote mbili zinatazama mahali pasipo penyewe. Majengo ya Moerbeke hayako katika hatari kubwa kuliko jana. Kilicho hatarini ni maarifa ya mahali pale, pamoja na mamlaka ya kuamua juu ya vitu vidogo ambavyo hakuna sheria inayovilinda. Na maarifa hayo hayawahusu wakazi wa Moerbeke peke yao. Kwa sehemu kubwa yanaihusu Kongo.

Ubelgiji si ngeni kwa jambo hili. Tarehe 1 Januari 1977 serikali iliunganisha manispaa kwa nguvu ya sheria, zikashuka kutoka 2,359 hadi 596. Moerbeke ilinusurika. Majirani zake Eksaarde na Daknam hawakunusurika. Wao ndio waliotiwa ndani ya Lokeren tangu wakati ule. Safari hii hakuna aliyelazimishwa. Halmashauri zenyewe zilipiga kura, na Serikali ya Flanders ikaweka kivutio: ingebeba sehemu ya madeni ya manispaa zinazoungana, hadi euro 500 kwa kila mkazi kwa miungano mikubwa zaidi. Sababu zinazotolewa si za kupuuzwa. Kazi zinazoshushwa kwa manispaa zimeongezeka mno, kuanzia vibali vya ujenzi na mazingira hadi huduma za wazee na ulinzi wa taarifa za kompyuta, na ofisi ya kijiji yenye mtumishi mmoja anayebeba mafaili ya watu watano haiwezi kuzifanya vizuri. Hata hivyo, ukubwa peke yake hauamui nani abaki na nani aondoke. Herstappe, karibu na Tongeren, ina watu wasiofika 100. Ni manispaa ndogo kuliko zote Ubelgiji, na bado ina meya wake, kwa kuwa hadhi yake imefungamana na sheria za lugha za Kiholanzi na Kifaransa, ambazo wanasiasa wa nchi ile huziogopa kuliko upungufu wowote wa bajeti.

Sasa, Moerbeke ina nini cha kurithi? Mgeni anayepita haraka ataona kijiji kilichotandazwa kwenye nchi tambarare, mifereji, mashamba na miti iliyopangwa kwa mistari. Lakini chini ya mashamba hayo, kando ya mfereji wa Moervaart, palikuwa na ziwa kubwa miaka zaidi ya 13,000 iliyopita, zama za barafu zilipokuwa zinaelekea ukingoni, na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Ghent wamechimbua kwenye kingo zake mabaki ya wawindaji waliopiga kambi pale. Ziwa lilikauka, pakawa kinamasi, na kinamasi kikazaa ule udongo mweusi unaokatwa vipande, kukaushwa na kuchomwa kama kuni. Katika Enzi za Kati udongo huo ulichimbwa na kupelekwa Ghent kupasha moto nyumba za mji uliokuwa mkubwa kwa kufuma nguo, na abasia (nyumba ya watawa) ya Baudeloo, iliyokuwa jirani, ilikuwa na mkono katika kuifungua ardhi hiyo. Mandhari yote ambayo leo inaitwa ya asili ni kazi ya majembe ya watu. Hakuna mnara wa kumbukumbu juu yake. Ukitaka kuisoma, unahitaji mtu anayejua kwamba mtaro fulani ulio kando ya barabara ulikuwa njia ya mashua.

Kisha ikaja sukari. Katika karne ya 19 Moerbeke ilipata kiwanda cha sukari ya viazisukari, na ukoo wa Lippens, wenye kasri kijijini, ukawa ndio mwajiri, ndio mwenye ardhi, na mara kwa mara ndio wenye kiti cha umeya. Kila majira ya vuli viazisukari vilipovunwa, kiwanda kiliunguruma mchana na usiku kwa wiki nyingi, na kalenda ya kijiji kizima ikafuata msimu huo. Hali hiyo ilidumu hadi Umoja wa Ulaya ulipofanya mageuzi ya soko la sukari mwaka 2006. Bei ya kuhakikishiwa ikakatwa, viwanda vingi barani vikalipwa fidia ili vifungwe, na cha Moerbeke kikafuata mkondo huo baada ya muda mfupi. Kwa hiyo kijiji kilichopoteza manispaa yake mwaka 2025 kilikuwa tayari kimepoteza sababu iliyokikuza. Wanaoomboleza leo wangepaswa kuanza maombolezo yao pale, kwa sababu mwenye kumbukumbu kubwa ya mahali hakuwa karani wa manispaa, alikuwa kiwanda.

Na hapa ndipo hadithi inapovuka bahari. Mmoja wa ukoo huo, Maurice Lippens, alikuwa gavana wa Flanders Mashariki, kisha kuanzia 1921 hadi 1923 akawa Gavana Mkuu wa Kongo ya Kibelgiji. Ni katika mwaka wake wa kwanza ambapo Simon Kimbangu, mhubiri wa Nkamba, alikamatwa na kuhukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi mjini Thysville, leo Mbanza-Ngungu. Mfalme Albert I aliigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akafia gerezani Élisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1951, miaka 30 baadaye. Mwaka 1925, katika nchi hiyohiyo ya Wakongo, kwenye njia ya reli ya Matadi na Léopoldville, leo Kinshasa, ilianzishwa kampuni ya sukari ya miwa. Ikaja kujulikana kwa jina la Moerbeke-Kwilu, na mji uliokua kuzunguka mashamba yake ukaitwa Moerbeke. Leo mji huo ni Kwilu-Ngongo, katika jimbo la Kongo Central, na kiwanda chake bado kinasaga miwa. Kiwanda cha Flanders kimezimika, cha Kongo kinaendelea. Maelfu ya familia za Kikongo zimezaliwa, zimefanya kazi na kuzikana katika mji uliobeba jina la kijiji ambacho wengi wao hawakukiona kamwe. Ukiniuliza urithi wa Moerbeke una upana gani, nitakujibu kwamba unaanzia kwenye udongo mweusi wa Moervaart na unafika kwenye mashamba ya miwa ya Kwilu.

Tuwasikilize kwanza wanaoomboleza, maana wana hoja. Wanasema manispaa ndogo ilikuwa karibu na watu: diwani alikaa mtaa wa pili, na mzee aliyekuwa na sanduku la picha za zamani alijua mlango wa kugonga. Kwa kuungana, mambo hayo yanahamia meza ambayo Moerbeke ni sauti moja katika nane hivi. Wanataja 1977. Majina mengi ya mitaa yalibadilishwa kwa sababu mji mmoja haukuweza kuwa na Kerkstraat (Mtaa wa Kanisa) tano, kumbi nyingi za vijiji ziliuzwa au kugeuzwa matumizi, na mafaili ya zamani yakahamishwa bila mtu wa kuyasimamia. Haya ni kweli na yanauma. Lakini 1977 hiyohiyo inawapinga pia. Eksaarde na Daknam hazijatoweka. Daknam bado ina kanisa lake la kale la mtindo wa Kiromani, Eksaarde bado ina kikanisa chake cha Msalaba, na wenyeji wa vijiji hivyo wanajijua kwa majina yao miaka karibu hamsini baada ya muhuri wao kufutwa. Kijiji hakihitaji meya ili kiwe kijiji. Anayedai kwamba utambulisho wa watu unaishi ndani ya ofisi ya manispaa anaudharau utambulisho huo bila kujua.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi kuliko unavyopewa haki. Lokeren ina jumba la makumbusho la mji, ina watumishi wa utamaduni, na ina uzoefu wa kutunza nyaraka ambao Moerbeke haikuwahi kuwa nao kwa kiwango hicho. Ulinzi wa majengo yenye thamani haukuwa mikononi mwa Moerbeke kamwe. Unatoka kwa Serikali ya Flanders, kwa sheria ya urithi usiohamishika ya 12 Julai 2013 iliyoanza kutumika 2015. Jengo lililotangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria linabaki hivyo hata manispaa ikibadilika mara kumi. Kwa mtazamo huo, kuungana kunaweza kuufaa urithi: badala ya wapenzi wachache wa historia wanaofanya kazi usiku kwa kujitolea, utapata mtaalamu anayelipwa. Mimi nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Panapopwaya ni pale inapodhani kwamba kinacholindwa na sheria ndicho urithi wote. Flanders ina orodha ndefu ya majengo yaliyoandikwa kuwa na thamani ya kihistoria, lakini kuandikwa si kulindwa. Kwa mengi ya hayo, uamuzi wa kwanza kuhusu kibali cha kubomoa au kubadilisha huwa kwa meya na madiwani wake. Vivyo hivyo kwa uwanja wa kiwanda kilichofungwa: nini kibaki, mtaa mpya uitwe nani, ukuta upi uachwe kama ushahidi. Hayo yote ni maamuzi ya manispaa, na sasa anayeyafanya ni mtu ambaye huenda hajawahi kuusikia mlio wa kiwanda kile.

Chukua makanisa. Tangu amri ya Napoleon ya 1809, ambayo misingi yake imeingizwa katika sheria ya Flanders ya 2004, manispaa inalazimika kuziba pengo la bajeti ya parokia. Flanders ina makanisa ya parokia yapatayo 1,800, na kwa vile waumini wamepungua sana, kila manispaa imetakiwa kukaa na Kanisa na kuandika mpango: lipi libaki la ibada tu, lipi litumike pamoja na shughuli nyingine, lipi ligeuzwe kabisa. Manispaa yenye makanisa mawili inayapima kwa upendo. Manispaa yenye makanisa saba au nane inayapima kwa jedwali, na jedwali lina tabia ya kuwaonea walio pembeni. Sisemi Lokeren itafanya hivyo. Nasema hakuna sheria inayoizuia, na waliopiga kura ya kuungana wangefanya vema kulizungumza hilo kabla ya kusherehekea kufutiwa deni.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ambayo husemwa kwa ujasiri usiolingana nayo, ni ile inayosema kwamba mambo ya Kongo hayahusiani na urithi wa kijiji. Kwamba hayo ni ya Brussels, ya mfalme, ya makumbusho makubwa ya Afrika huko Tervuren, karibu na Brussels, na mkulima wa viazisukari wa Moerbeke hakutawala koloni lolote. Kweli hakutawala. Lakini jina la kijiji chake lilipachikwa kwenye mji wa watu wengine, kwa sababu mtaji na watu wa sukari wa mahali pale walikwenda huko na kurudi. Huwezi kudai kasri ni lako, kiwanda ni chako, meya aliyekuwa na jina kubwa ni wako, kisha ukifika ukurasa wa 1925 ukasema huo si wako. Ama historia ya ukoo na kampuni ile ni urithi wa kijiji, basi iwe yote, ama si urithi wake, basi kijiji kirudie kwenye udongo mweusi na kuacha kujivunia sukari.

Tena, wanaosema kwamba koloni ni habari ya mji mkuu wanasahau ilivyo ndani ya Flanders yenyewe. Huko Blankenberge, mji mdogo wa pwani, limesimama sanamu la Sajini Henri De Bruyne, mzaliwa wa pale, na mkuu wake, waliouawa Kasongo mwaka 1892 katika vita kati ya Dola Huru la Kongo, koloni binafsi la Mfalme Leopold II, na Waarabu na Waswahili wa Sefu, mwana wa Tippu Tip. Kwa Mbelgiji, De Bruyne ni shujaa aliyekataa kumtoroka mkubwa wake. Kwa msomaji wa Kiswahili, Kasongo ni mji wa Maniema ambako lugha hii inazungumzwa hadi leo, na vita ile ina sura nyingine kabisa: watu wa pwani waliofika kwa biashara ya pembe na watumwa, wenyeji walioonewa na pande zote, na dola la Leopold lililokuja kuchukua mahali pa wote. Hakuna mtu wa Brussels anayelitunza sanamu lile. Na huko Tervuren, kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili, kuna makaburi ya Wakongo saba walioletwa kwa maonyesho ya 1897 na kufa kabla ya kurudi kwao: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makumbusho ya kifalme yako hatua chache kutoka hapo, lakini wafu wamelala katika ua wa kanisa la parokia. Ukoloni wa Ubelgiji ulilala vijijini. Bunge la nchi ile liliunda tume maalumu ya kuchunguza ukoloni mwaka 2020, na mwishoni mwa 2022 ikavunjika bila makubaliano juu ya mapendekezo yake, kwa kuwa neno la kuomba radhi liliwashinda wanasiasa. Ikiwa ngazi ya juu imekwama, sioni ni wapi pengine kazi hii itafanyika isipokuwa huku chini, mahali penye jina, kaburi, kasri na daftari la mishahara.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hilo ndilo tishio halisi la Moerbeke. Nyaraka za manispaa zina sheria inayozilinda. Zitahamia Lokeren na zitawekwa kwenye rafu. Nyaraka za kampuni binafsi hazina ulinzi huo. Na kilicho nje ya kampuni na nje ya manispaa, yaani barua za mafundi waliokwenda kufanya kazi Kongo, picha za mashamba, masimulizi ya wafanyakazi wa msimu, kiko darini kwenye nyumba za watu na vichwani mwa wazee. Flanders ina mila nzuri ya vyama vya wapenzi wa historia ya mahali, na karibu kila kijiji kina chake. Watu hawa hukusanya kila kitu na hutoa majarida yao kwa pesa zao wenyewe. Nawaheshimu sana. Ila vyama hivyo vimezoea kuwa na manispaa inayowapa chumba, ruzuku ndogo na mtu wa kuwasikiliza. Chumba kikihesabiwa upya katika mji mkubwa kama jengo la ziada linaloweza kuuzwa, sanduku la barua halina kwa kwenda. Litafika kwa wauza vitu vya kale, picha zitatenganishwa na majina ya waliomo, na baada ya hapo hakuna mtaalamu wa kulipwa, wa Lokeren wala wa Ghent, atakayeweza kusema yule Mkongo aliyesimama nyuma ya meneja alikuwa nani.

Kinachofuata kutoka hapa si kuurudisha mpaka wa zamani. Halmashauri za Flanders zina mpango wa miaka mingi wa 2026 hadi 2031, na humo ndimo mambo haya huamuliwa kweli, kwa mistari ya bajeti. Lokeren inaweza kuandika humo kazi moja yenye jina: kuorodhesha nyaraka za kijamii na za kiwanda za Moerbeke zilizoko kwa watu binafsi, kurekodi wazee wa sukari wakiwa hai, na kuzipiga nakala za kidijitali. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na deni lililofutwa. Kinachohitajika zaidi ni kuwaita wenza wa upande wa pili. Kwilu-Ngongo ina wastaafu wa kiwanda, ina walimu, ina parokia zenye vitabu vya ubatizo. Miji mingi ya Flanders tayari ina ushirikiano na miji ya Afrika unaogharamiwa kwa fedha za umma. Hapa hakuna haja ya kutafuta mwenza kwenye ramani, jina limekwisha kumchagua. Na nakala zisiishie Lokeren zikiwa na maelezo ya Kiholanzi pekee. Ziwe na maelezo ya Kifaransa na Kikongo, na zifike mahali ambapo mjukuu wa mkata miwa anaweza kuzifungua kwa simu yake bila kuomba kibali cha mtu.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunaingia vipi? Wengi wetu si Wakongo wa Kongo Central, na Kiswahili si lugha ya Kwilu. Lakini historia ya kampuni za Kibelgiji haikuishia magharibi. Ilifika Katanga, Kivu na Maniema, na nyaraka zake zimetawanyika katika vijiji vya Ulaya vya aina hii, vingi vikiwa vidogo kiasi kwamba hakuna mtafiti wa Lubumbashi au Bukavu aliyewahi kuvisikia. Kila muungano wa manispaa ni wakati ambapo makabati yanafunguliwa, yanahesabiwa na kuhamishwa. Ni fursa kwa vyuo vikuu vyetu na kwa Waafrika waishio Ubelgiji kuuliza kwa maandishi, manispaa kwa manispaa, kuna nini humo kinachotuhusu. Halmashauri iliyoulizwa italazimika kutafuta. Isiyoulizwa itatupa kwa nia njema kabisa, na uchaguzi ujao wa manispaa za Flanders ni Oktoba 2030.